Mkutano Uliogongana na Mnada

Naikumbuka siku moja ya mnada, mjukuu wangu, na leo ulivyoingia hapa kwangu Nkuhungu sauti imekukauka kwa kumshangilia diwani wenu mpya, imenirudia yote. Shangilia, sikukatazi. Hata sisi wetu tulimchezea ngoma mpaka vumbi likaingia kwenye mboga. Ila kaa kwanza, ule, nikwambie kilichofuata.

Kijijini kwetu, huko Chamwino, tulikuwa tumesimamisha boma la zahanati kwa mikono yetu. Wanawake tulibeba maji na mchanga kutoka korongoni, wanaume wakafyatua tofali. Kuta zikafika juu, zikabaki zinasubiri bati. Kuezeka ilikuwa kazi ya halmashauri, na diwani tuliyemchagua alikuwa ametuahidi mbele ya watu wote. Basi tukajua mambo yamekwisha.

Baadaye ukaitishwa mkutano wa kijiji wa kupanga vipaumbele, yaani lipi litangulie na lipi lisubiri. Mambo yakitoka hapo yanakwenda kwenye kata, kisha baraza la madiwani linakaa nayo wilayani na kugawa bajeti. Mkutano wenyewe ukaangukia siku ya mnada. Na unatujua sisi Wagogo na mnada! Nani abaki kumsikiliza mtendaji akisoma ajenda wakati nyama inachomwa kijiji cha pili? Tulikwenda karibu wote. Mimi nilinunua kitenge chekundu, nikakivaa hukohuko, nikarudi nacho nikijiona.

Waliobaki ni wenye mifugo mingi. Ng'ombe wa kuuza waliwapa vijana wapeleke, wenyewe wakaenda mkutanoni. Wakaomba josho la kuogeshea ng'ombe. Siwalaumu, kupe walikuwa wanaimaliza mifugo. Lakini josho likatangulia, na zahanati ikasubiri.

Mvua zilipokolea, wifi yangu Yudita, mke wa kaka yangu, akashikwa na uchungu. Tulimpakia kwenye mkokoteni kumpeleka hospitali, tukakuta korongo limejaa, halipitiki. Tukageuka. Mvua ikatukamata karibu na lile boma letu, tukamwingiza humo kwa kuwa hapakuwa na pengine. Kuta tulikuwa nazo, lakini juu ni mvua tupu. Nilimfunika kwa kile kitenge changu. Mkunga wetu, Bibi Mwendwa, alifanya yote aliyoyajua. Mtoto akalia, Yudita akanyamaza. Mtoto huyo ndiye baba yako. Hakusimulii kwa sababu inamuuma, na mimi inaniuma mpaka leo.

Diwani alipokuja kutoa pole, vijana walimzonga. "Uliahidi bati! Liko wapi?"

"Ndugu zangu," akasema, "kijiji chenu kilileta josho. Ningesimama barazani niseme nini?"

Kelele zikapanda. Bibi Mwendwa akanyanyuka, bado hajapumzika tangu usiku wa msiba. "Nyamazeni! Kura mlimpa, maneno hamkumpa. Siku ya maneno mlikuwa mnatafuna nyama, na mimi mwenyewe nilikuwepo, nilitafuna. Na wewe diwani, boma ulikuwa unaliona. Ulipoletewa josho, ulishindwa nini kurudi kutuuliza?"

Diwani alishika kofia yake tu, anaigeuzageuza. Zahanati ikaja kuezekwa baba yako ameshaanza shule.

Kwa hiyo mwanangu, nisikilize. Kumchagua mtu ni kumtuma, na anayetumwa bila kuambiwa ataleta atakachopewa na wengine. Mtaa wenu ukiitisha mkutano, acha mpira, acha mnada, nenda. Kaa mbele, useme shida yenu, na ukiona wameiweka chini ya nyingine, simama tena uulize kwa nini. Baraza likikaa, nenda kasikilize kama imetajwa. Watakuona msumbufu. Waache wakuone hivyo. Mimi nilikuwa mtu mzuri sana siku ile ya mkutano, sikumsumbua mtu, niko mnadani na kitenge changu kipya.

Mkeo naona tumbo limeshakuwa kubwa. Mungu akutunzie sauti yako mpaka siku ya mkutano, amfikishe mkeo salama, na mwanao azaliwe chini ya bati.