Kambare wa Shija Kagoma Kufa

Wazee wenzangu, leo samaki kanivunjia heshima ndani ya nyumba yangu.

Shija, jirani yetu hapa Ruhembe, mfugaji aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa, asubuhi kamletea mke wangu kambare mzima kwenye ndoo. Eti kamtoa kwenye tope la mto kwa mikono yake!

Mama Asha kacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Mimi hajanichekea hivyo tangu nitoe mahari.

Alipoenda shambani, nikamwaga maji ya ndoo. Sisi watu wa mpunga tunajua samaki bila maji hafiki adhuhuri. Shija aonekane kazawadia mzoga!

Mama Asha karudi, kamkuta kambare anatambaa kwenye tope la maji niliyomwaga, sharubu mbele, anaelekea jikoni.

“Baba Asha, nani kamwaga maji?”

“Paka.”

“Kambare anavuta hewa kama wewe, mzee wangu. Tena yeye hakoromi.”

Akamwita Shija tule wote. Kichwa cha samaki, ambacho humu ndani ni changu, kikaenda kwenye sahani ya mgeni.

Mimi nimepewa mkia. Mtamu, na hilo ndilo linaloniuma.

Wenye wivu wenzangu, mngemeza?