Mchanga Uliogandishwa kwa Gundi

Nikiukumbuka mradi ule wa kuchuja maji, damu hunichemka hata leo.

Binti yangu alikuwa gredi ya tano katika shule moja ya Kaaga, mtaa wetu hapa Meru. Mwalimu aliagiza kila mwanafunzi atengeneze chujio la maji machafu. Sasa, binti yangu si mtoto wa kukaa na kitabu. Ukimsomea, macho yanaenda dirishani. Ukimpa kitu akichokore, anasahau hata kula. Kwa hiyo nilimwachia kazi yake.

Alikata chupa ya plastiki, akaijaza kokoto, mchanga na mkaa, akamimina maji ya matope. Yakatoka meusi kuliko yalivyoingia! Mikono iliniwasha nimsaidie, nikajizuia. Alizunguka uani akinung'unika, kisha akaja mbio, amemkumbuka nyanya yake.

"Mami, cucu kule Siakago si huchimba maji kwenye mchanga wa mto? Na huwa safi. Mbona mchanga wake hauchafui maji?"

"Wewe waonaje?"

Aliuchota mchanga wake, akautazama kiganjani. "Mto umeuosha! Mimi wangu sijauosha."

Akaosha mchanga, akaosha mkaa, akapanga na kupangua. Kesho yake jioni maji yalidondoka maangavu, naye akanieleza kazi ya kila tabaka, mikono yote imejaa masizi. Sijawahi kumwona akiwa na furaha namna ile kwa jambo la shule.

Alirudi na alama ya "chini ya matarajio."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa mlangoni pa darasa. Machujio yalikuwa yamepangwa mezani: ya vioo, yaliyopakwa rangi, yenye maandishi ya kompyuta. Hata kipofu angejua hakuna mkono wa mtoto uliogusa vile vitu. La binti yangu lilikuwa limesukumwa pembeni.

"Mzazi, kazi yake ni chafu," mwalimu akaniambia kwa upole. "Angalia za wenzake."

"Lakini Madam, hizi zinachuja?"

"Si lazima zichuje. Ni za kuonyesha wageni siku ya wazazi."

Niliomba maji yenye udongo. Nikamimina kwenye lile lililosifiwa kuliko yote. Yakatuama juu pale pale, maana mchanga wenyewe ulikuwa umegandishwa kwa gundi. Nikamimina kwenye la binti yangu. Yakadondoka safi.

"Ulimuuliza alivyolitengeneza?"

Mwalimu alitazama chini. "Mzazi, nina darasa zima. Na alama zimeshaingia kwenye mfumo."

Hilo ningelimeza. Lililonishinda lilikuja wiki iliyofuata, walipoagizwa kutengeneza kifaa cha kuonyesha upepo unakovuma. Binti yangu alinijia na uso mkavu kabisa.

"Mami, tumpelekee fundi wa Makutano. Wenzangu ndiye huwatengenezea."

Mtoto aliyekwisha kujua njia yake ya kujifunza, tukamfundisha kuiacha! Na kwa karo niliyoitoa mimi mwenyewe.

Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikauliza nani kati yetu hakumtengenezea mtoto wake chujio. Wengine walicheka. Baba mmoja akasema, "Mama, wewe unataka mtoto wako aaibike mbele ya wengine?" Makofi akapigiwa yeye. Mwalimu mkuu akageuzia mazungumzo kwenye sare.

Muhula ulipoisha nilimhamishia shule ya umma iliyo chini ya barabara, ambako hakuna mzazi wa kumlipa fundi. Ndugu zangu walinilaumu kwamba nimemshusha mtoto hadhi. Mmoja hakunisalimia kanisani kwa muda mrefu.

Juzi binti yangu alifika nyumbani sketi imejaa udongo mwekundu. Walikuwa wamechimba mitaro kwenye mteremko nyuma ya darasa waone maji ya mvua yanavyobeba udongo. Mtaro wake ulibomoka.

"Niliuelekeza vibaya, Mami. Kesho nauchimba upya," alisema, akatoka kwenda kutafuta jembe kabla sijamjibu.