Bi Sinki na Mpira wa Kutupwa

Watu wa wodi ya kifua walimwita Bi Sinki, na jina hilo hakulichukia. Tangu ujana wake kazi yake ilikuwa moja: kuosha mpira mrefu wenye kamera, ule ambao daktari huupitisha puani mwa mgonjwa mpaka mapafuni, kuchungulia na kuvuta makohozi. Alilisugua tundu lake jembamba kwa brashi, akauzamisha kwenye dawa, akaupuliza hewa, akautundika kabatini. Mwisho aliunusa. Kunusa hakukuwamo kwenye mwongozo wowote, lakini Bi Sinki hakumwamini mtu anayeosha kitu asikinuse.

Kisha hospitali ikaleta mipira ya kutumia mara moja na kutupa, kila mmoja kwenye pakiti yake, myepesi kama mrija wa soda. Bi Sinki aliibetulia midomo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone, mama," daktari wa kifua alimtania.

"Mgeni gani huyu, daktari? Asubuhi anapokewa, mchana yuko pipani."

Vituko navyo havikukosekana. Mapipa ya taka yalifurika hadi wafagizi wakanuna. Skrini ilikuwa ndogo, daktari akaikodolea macho kama anayetunga uzi sindanoni. Mara nyingine maboksi yaliisha mgonjwa keshalala tayari, watu wakalikimbilia kabati la Bi Sinki. Siku hizo aliutoa mpira wake polepole, kwa makusudi, ili waonje aibu. Aliwadharau wote: aliyeleta, aliyenunua, na hasa vijana waliofurahia kutoosha. "Mvivu hukisifu kila kitakachomlaza," alisema.

Mume wake, mwalimu mstaafu, alizisikiliza dharau hizo kila jioni, akacheka mpaka akakohoa. Kicheko kikaondoka, kikohozi kikabaki. Alipolazwa, pafu moja lilikuwa limezibwa na makohozi, na pumzi aliivuta kwa taabu. Hata hivyo wagonjwa wenzake walikuwa wameshasimuliwa yote.

"Mimi naingia chumba cha matibabu na mpira uliooshwa na mke wangu," alijigamba. "Bila huo, siingii."

Daktari akamvuta Bi Sinki kando.

"Mama, majibu ya maabara yametoka. Mpira wako una vijidudu. Umekwaruzika ndani ya tundu, ndimo walimojificha. Hakuna mkono unaofika huko."

"Lakini niliunusa," Bi Sinki alisema.

Neno lilipomtoka alilisikia lilivyo la kijinga. Dharau aliyokuwa akiwagawia watu miaka yote ikamrudia yeye, nzima, bila kupunguzwa.

"Mipira mipya ipo," daktari akasema. "Ila Mwalimu hakubali, na hatuwezi kungoja. Sema naye wewe."

Hakusema naye. Aliichana pakiti nje ya mlango, akautandaza mpira kwenye sinia, akaufunika kitambaa na kuingia nao mwenyewe. Mwalimu alipouona mkono wa mkewe chini ya sinia, akaitikia kwa kichwa na kufumba macho. Makohozi yakavutwa. Kifua kikaanza kupanda na kushuka vizuri.

Baadaye alifumbua macho.

"Ulikuwa wako?"

"Wangu."

"Nilijua. Hivyo vitakataka vya maboksi visingeweza."

Bi Sinki alimvutia shuka mpaka mabegani.

"Visingeweza," alisema. "Pumua, mume wangu."