Kompyuta Yenye Kadi

Niliondoka Mbuji, juu milimani, kwa sababu ya koo la shangazi. Habari ilipanda mlima pamoja na wachuuzi wa usipa, dagaa wa ziwa letu: Shangazi Agnesi ana uvimbe shingoni, atapasuliwa, na daktari hakuahidi kwamba sauti itabaki. Nilipokuwa mtoto Liuli, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo za kioda, ngoma ya wanawake wa Nyasa. Waliokuwa wakimwitikia wamekwisha kufa. Nilitaka aimbe, kisha ajiitikie mwenyewe, nami niweke gitaa langu chini yake. Kaseti haiwezi, ukirekodi mara ya pili inafuta ya kwanza. Katika kutangatanga kwangu, Makambako na Tunduru, nilisikia kwamba kompyuta inaweza.

Asubuhi, Mbinga. Tangu biashara ifunguliwe, mji huu unauza kila kitu kilichochokwa na watu wa mbali. Mama Ndunguru, mwenye duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi, alikuwa na kompyuta mbili za mtumba. Fedha zangu za kahawa zilitosha moja, na hazikuruhusu kukosea.

"Hii nyeupe ina kumbukumbu kubwa na bei yake nafuu," alisema. "Lakini haina kadi."

Nikaondoa mkono juu yake. Kwetu pikipiki isiyo na kadi ya umiliki ni ya wizi, na anayekamatwa nayo ni mnunuzi.

"Mama, mimi nina familia. Na ile nyingine?"

"Ile kongwe? Kadi inayo. Ila kumbukumbu yake ni ndogo. Ukiipa sauti nyingi itahema kama mzee anayepanda mlima."

Kumbukumbu nilizoea kuzisikia zikitangazwa kanisani, za marehemu. Sikujua ndogo ni ipi na kubwa ni ipi. Kadi nilidhani naijua.

"Nipe yenye kadi."

Mama Ndunguru akanitazama kwa heshima mpya. "Kumbe muziki unaujua, baba."

Nilipolipa, pamoja na maikrofoni na vifaa vya masikioni, nikaiulizia hiyo kadi. "Imo ndani," akasema, "usiiguseguse." Nikaelewa kwamba imefungiwa chumba cha ndani. Nikapanga kuifuata nikirudi, na njia nzima nikaomba nisikutane na askari.

Mchana, Tingi. Lori lilitushusha kupita miteremko yenye mashimo ya ngoro, kilimo cha Wamatengo, nimepakata boksi ndani ya blanketi, skrini ikiwa katikati ya magunia.

"Mwalimu, hiyo televisheni itaonyesha mpira?" aliuliza abiria mmoja.

"Si televisheni, na mimi si mwalimu. Ni ya muziki."

"Basi ni redio yenye kioo."

Ziwa lilipotokea chini yetu niliona aibu, maana miaka yote niliyolikumbuka nilikuwa nalikumbuka dogo.

Jioni, Liuli. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa, au ni hilo boksi?" Kanga ilifunika shingo yake. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, lakini ilikuwa yake.

Siku ya pili, baada ya ibada, Mzee Komba mwenye mashine ya kusaga alituwashia jenereta. Waya wake ulikuwa mfupi, tukakaa karibu nayo, na kilichorekodiwa kwanza kilikuwa ngurumo tupu. Nikazima, nikabonyeza huku na kule, nikawasha tena. Ngurumo ileile. Niliona safari nzima imeharibika.

Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. "Komba, iongeze kidogo. Punguza. Hapo. Usiisogeze tena." Akanigeukia. "Ngoma zetu zimeliwa na mchwa. Hii inatosha."

Akaanza kuimba, ameiegemeza sauti yake kwenye ile ya injini. Kisha nikamvika vifaa vya masikioni, akajisikia mwenyewe, akajiitikia kwa sauti ya puani ya Esta, shoga yake aliyezikwa zamani. Katikati akainua mkono.

"Futa hiyo. Esta alikuwa anachelewa kidogo."

Tulirudia, akachelewa vizuri. Mzee Komba alivua kofia.

Nikachukua gitaa. Kompyuta ikaganda. Nikajaribu tena, ikaganda.

"Imeshiba," alisema Mzee Komba.

Gitaa langu likabaki nje ya wimbo nilioufuata mimi mwenyewe.

Tukarudi Mbinga, shangazi akiwa njiani kwenda hospitali. Tulipitia dukani na boksi letu. "Nimefuata kadi," nilisema.

Mama Ndunguru alicheka hadi akaketi. Akafungua boksi, akanionyesha kibati cha kijani palipochomekwa maikrofoni. "Ndiyo hii, kadi ya sauti. Ile nyeupe ingeyabeba magitaa yote ya Umatengo, lakini isingemsikia mtu."

Kumbe nilichagua sawasawa kwa kuogopa polisi. Hadi leo sijui kama huko ni kujifunza. Watu wakiniuliza kuhusu kompyuta ya muziki ya fedha kidogo, huwaambia waulize kwanza kama inasikia, ndipo waulize inakumbuka kiasi gani.

Mama Ndunguru aliuweka wimbo. "Hii ngurumo naweza kuipunguza," alisema.

"Iache," alisema shangazi. "Nitaegemea wapi?"

Akasikiliza mpaka Esta akamaliza kuitika. Kisha akatoa kadi ya hospitali kwenye pindo la kanga, akaiweka juu ya boksi, kando ya ile ya kijani.

"Yako imeshaichukua sauti," aliniambia. "Twende sasa na yangu."