Santuri Tuliyoifuata Londiani

Kabla Mzungu aliyezunguka akirekodi nyimbo za santuri hajafika mashamba ya chai ya Kericho, kaka yangu na mimi tulikuwa tumekwisha kuzijua santuri. Mhindi mwenye duka alikuwa na gramafoni, sanduku la kupigia santuri, na jioni tulisimama barazani kwake kumsikiliza Mmarekani mmoja wa gitaa, aliyepandisha sauti kama mchungaji anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kaka alipiga chepkongo, kinubi chetu cha nyuzi. Mimi niliimba.

"Kama huyo ameingia sandukuni," nilimwambia kaka, "na sisi tutaingia."

Mzungu alipofika, alitega mashine yake ya kunasa sauti katika ghala la chai. Sahani ya nta ikazunguka, sindano ikaanza kuichora sauti, nasi tukaanza. Hatukufika mbali. Mvua ilipiga mabati hata nisijisikie mwenyewe. Akangoja, akatujaribu tena, nta nyingine ikaharibika.

"Mvua mbaya," akasema, akifunga masanduku. "Kazi kwisha. Kesho mimi Londiani, halafu treni."

Kaka alibeba kinubi aende nyumbani. Nikamshika mkono.

"Kesho tunamfuata."

"Mpaka Londiani?"

"Miguu tunayo."

Tuliondoka alfajiri, chepkongo imefungwa kwa ngozi ya mbuzi, tukapita msituni kwenye utelezi. Kaka alipoanguka, aliinua kinubi juu kwanza, magoti baadaye. Alasiri tulimkuta Mzungu kwa mwenyeji wake karibu na stesheni.

"Nyinyi tena?"

Nikamwonyesha banda la farasi nyuma ya nyumba. "Lile limeezekwa kwa nyasi, bwana. Mvua haitapiga kelele."

Alilitazama, akacheka, akaagiza mashine ipelekwe.

Alituambia kwamba akiinua mkono, nta imekwisha, nasi tuwe tumemaliza. Hilo ndilo lilikuwa sharti. Lakini wimbo wetu ulikuwa mrefu, na mkono ulipanda kabla sijafika ubeti wa mwisho, alioutunga mama.

"Kata mwisho," akasema.

"Mwisho hapana."

Nikamwambia kaka aache utangulizi wa nyuzi, nianze mimi moja kwa moja. Safari hii mkono ulipopanda, tulikuwa tumemaliza.

Santuri ilifika dukani majira mengine ya mvua. Nilimleta mama. Akasikiliza ameinamisha kichwa, mpaka ubeti wake.

"Hayo maneno ni yangu," akasema.

Wafanyakazi wa chai waliotoka mbali, kandokando ya ziwa kuu la magharibi, wasiojua lugha yetu, wakamwomba Mhindi airudie. Mama akasimama katikati yao akaimba pamoja nayo, kwa sauti iliyolishinda sanduku.