Katikati ya Ngoma Mbili

Nilisafiri na dada yangu Minza kwa sababu alitaka kuacha ngoma, yeye aliyekuwa mchezaji tangu utoto. Macho yake yaliacha kuona mwaka jana. Tangu hapo alikaa na redio chumbani kwetu, mtaa wa Mirongo mjini, na ngoma ikianza anaizima. "Inatoka kwenye tundu moja, kama nzi ndani ya chupa," alisema. Mimi siongei sana, hata shuleni, lakini nilimbembeleza mpaka akakubali kwenda kwa mjomba, ambako makundi ya ngoma yalikuwa yanashindana baada ya mavuno.

"Mara moja tu, Kabula. Ikiwa kama redio, naacha kabisa, na usinisumbue tena."

Asubuhi, kwenye kivuko. Ziwa lilikuwa limelala chini ya ukungu, na mawe makubwa ya mji yakayeyuka nyuma yetu. Nilianza kumsimulia: kuna ndege weupe, kuna mtumbwi. Akanibana mkono. "Ngoja kwanza." Kuku walinung'unika ndani ya tenga, maji yakaramba chuma. Nilihisi kama tunavuka ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Kamanga, ng'ambo. Mjomba Luhende alitungoja na baiskeli mbili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, marahaba! Na huyu Kabula, ulimi wake bado uko njiani?"

Nilichukua baiskeli ya pili, nikafunga mizigo. Tukapita mashamba ya pamba yaliyokwisha vunwa, Minza kwenye keria ya mjomba, mimi nyuma na mizigo.

Alasiri, uwanjani. Kule makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, yakitazamana. Watu huhamia upande unaowafurahisha, na lenye watu wengi ndilo mshindi. Mjomba alitukalisha kwenye benchi la wageni, chini ya spika iliyoletwa na mnunuzi binafsi wa pamba. Siku hizi wanunuzi ni wengi, kila mmoja anataka apendwe na wakulima. Ngoma zote mbili ziliingia kwenye kipaza sauti kimoja, zikatoka uji.

"Redio kubwa tu," Minza alisema. "Turudi nyumbani."

Nikasimama. "Mjomba, naomba Minza akae pale katikati ya makundi."

"Chini? Mgeni wangu akae vumbini? Watasema Luhende hana hata kiti!"

Watu waligeuka kunitazama. "Hapa hasikii ngoma, mjomba," nilisema. "Anasikia spika."

Mjomba akamtazama Minza, ambaye alikwisha vua viatu. "Haya. Lakini mkeka naubeba mwenyewe, wanione."

Katikati ya uwanja nilifumba macho na mimi. Kulia ngoma nzito zilipanda kutoka ardhini mpaka mgongoni. Kushoto filimbi zilizunguka kama zinamtafuta mtu. Uwanja ukawa mpana kuliko nilivyouona. Kisha watu wakaanza kuhama. Miguu ilitupita pande zote kama mvua inayovuka ziwa. Niliogopa, nikamvuta.

"Niache! Sikiliza wanavyohama."

Akainuka, mikono mbele, akaifuata miguu kuelekea kulia.

"Umepotea, dada! Ngoma iko huku!" akapiga kelele manju, yule kiongozi wa kundi la kushoto.

"Sijapotea! Ya kwako ngozi imelegea!"

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Minza alicheka kuliko wote, na mabega yake yakaanza kucheza.

Kesho yake, nyumbani. Mama aliuliza kwa mazoea, "Mmeona nini huko?" kisha akaziba mdomo.

"Nimeona wa kushoto wamechoka," Minza alijibu. "Wiki ijayo wa kulia wanacheza Magu. Nakwenda."

Safari nzima nilidhani kazi yangu ni kumwazima macho. Kumbe alihitaji mahali pa kukaa asikie, na mtu wa kumwombea mpaka apewe.

"Nitakupeleka," nikasema.

"Tutakwenda wote. Ila usinisimulie kitu mpaka nikuulize."