Kazi Kumi na Tisa Zilizorudi

Mpwa wangu alipomaliza chuo mara ya kwanza, alirudi nyumbani na matokeo ambayo mama yake aliyakunja mara nne akayaweka chini ya kitambaa cha meza. Kemia D, fizikia D, biolojia C. Shahada alipewa, ya daraja la mwisho kabisa, na kwa shahada hiyo akaomba kusomea udaktari wa meno. Alijibiwa kwa mistari miwili.

Nyumbani tunamwita Gego, kwa kuwa tangu utotoni alitafuna kila penseli aliyopewa. Gego kukataliwa na shule ya meno ni mzaha ambao kaka zake hawakuweza kuuacha.

"Jamani, gego limeng'olewa!" walisema kila alipopita na sahani.

Mimi mjomba wake sikucheka. Nilimkalisha jikoni nikamuuliza nini kilitokea. Nilitarajia kusikia habari za walimu wabaya na mitihani migumu.

"Mjomba, nilikuwa nalala," alisema. "Maabara inaanza saa mbili, mimi nafika saa nne. Naazima ripoti ya rafiki yangu, nainakili, nabadilisha tarakimu mbili tatu. Nilifanya hivyo mara saba. Siku ya mtihani sikuwa na pa kunakili."

Nilimkaripia, na sijuti. Kunakili kazi ya mwingine ni wizi, hata kama mwenye kazi ameitoa kwa hiari. Lakini nilitoka jikoni mle na tumaini kidogo, kwa sababu hakumtaja mtu mwingine hata mmoja.

Alipata kibarua kwenye karakana ya meno bandia, chumba kirefu nyuma ya duka la miwani. Palikuwa na meza tatu za kazi, tanuri dogo, na vumbi la plasta lililoingia hadi kwenye vikombe vya chai. Mwenye karakana alijulikana kwa jina la Fundi Taya. Meno yake mwenyewe yalikuwa mabaya kuliko ya mteja yeyote, na akiulizwa husema, "Ningekuwa na nafasi ya kujitengenezea, nisingekuwa na wateja."

Kando ya dirisha la karakana lilining'inia daftari gumu la kijani. Kila kazi iliyorudishwa na mteja iliandikwa humo kwa mkono wa aliyeitengeneza: tarehe, kosa, na sababu. Fundi Taya hakumfukuza mtu kwa kazi kurudi. Alimfukuza kwa kutoiandika.

Ya kwanza ya Gego ilirudishwa na mwalimu wa hisabati aliyetengenezewa jino moja la mbele. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Binti, nikiwa humu ndani hili ni jino. Nikitoka nje ni chaki. Wanafunzi wangu wameacha kutazama ubao, wananitazama mimi."

Gego aliomba radhi, akachukua daftari, akaandika: Mgonjwa hakuridhika na rangi. Fundi Taya akasoma, akampa kalamu aikate sentensi hiyo mwenyewe.

"Nani alichagua rangi?"

"Mimi, Fundi."

"Ukiwa umesimama wapi?"

"Pale mezani."

"Chini ya taa?"

"Ndiyo."

"Na dirisha lilikuwa limekwenda wapi? Sokoni?"

Gego alitaka kucheka, lakini mzee hakuwa anacheka. Ikabidi aandike upya: Nililinganisha rangi chini ya taa badala ya mwanga wa dirishani, kwa sababu nilikuwa na njaa na nilitaka kumaliza haraka nikale. Fundi akatia saini chini yake, akarudi kwenye tanuri lake.

Gego aliniambia kwamba siku hiyo alitaka kuacha kazi. Kuandika neno njaa kwa mkono wake mwenyewe, mahali ambapo wenzake wote wangesoma, kulimuumbua kuliko zile D zote. Hakuacha. Baada ya miezi kadhaa alijiandikisha madarasa ya jioni kurudia kemia, fizikia na biolojia tangu mwanzo, akanunua daftari lake mwenyewe, akaanza kuyatendea masomo kama alivyofundishwa kuyatendea meno. Kila swali alilokosa aliliandika, na kando yake sababu. Hakuruhusu sababu kama "swali gumu".

"Mjomba, miaka yote nilidhani kichwa changu hakipokei kemia," aliniambia siku moja, akinifungulia kurasa. "Hebu ona. Makosa thelathini na moja. Ishirini na mawili ni ya kuruka hatua. Ni uvivu tu huu."

Nilimwambia uvivu una dawa. Miaka miwili ilipita hivyo: mchana plasta, jioni darasa. Akapata A ya kemia, B+ ya fizikia, A ya biolojia.

Basi akaomba tena. Fomu ilidai ukurasa mmoja wa maelezo kuhusu alama mbaya za zamani, na ukurasa huo ulitukutanisha sebuleni, familia nzima. Dada yangu, mama yake Gego, alikuwa na jibu tayari.

"Andika niliugua. Ulikuwa unaniuguza."

"Mama, wewe hujaugua hata mafua."

"Basi nitaugua sasa. Wakija kuuliza watanikuta kitandani. Nitakohoa mpaka waombe radhi wenyewe."

"Hebu kohoa tusikie," akasema kaka mkubwa.

Dada yangu akakohoa.

"Mama, hiyo ni ya mbuzi. Tutakamatwa sote."

Tulicheka, lakini tulikuwa na hofu. Shule ile haikuruhusu mtu kuomba zaidi ya mara mbili, na hii ilikuwa ya pili. Na mimi, ninayependa kuwahubiria wengine, nilimshauri aandike tu kwamba hakuwa makini, aishie hapo. Ilikuwa kweli, lakini nusu tu ya kweli, na nilijua hivyo nilipokuwa nikiitamka.

"Mjomba, Fundi angenipa kalamu niikate hiyo," alisema.

Akaandika kwamba alinakili ripoti saba za maabara, kwamba alifanya hivyo kwa kupenda usingizi, na kwamba D zile zilikuwa haki yake.

Walimwita kwenye usaili. Alikuta watu watatu nyuma ya meza: mkuu wa shule, ambaye alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni; daktari kijana aliyekuwa akiandika; na mwalimu wa baiokemia, mtu mwembamba ambaye ukurasa wa Gego ulikuwa mbele yake, umepigiwa mstari mwekundu.

"Mimi nasema arudi nyumbani," mwalimu yule alianza, kabla Gego hajakaa sawasawa. "Tunawapa watu hawa vyombo vyenye ncha waviingize midomoni mwa wagonjwa. Aliyedanganya mara saba atadanganya kwamba amechemsha koleo."

Sitamlaumu mtu yule. Ningekuwa kwenye kiti chake huenda ningesema hivyohivyo.

"Unasemaje, binti?" aliuliza mkuu.

"Anasema kweli kuhusu zile saba," Gego alijibu. "Kwamba hakutakuwa na ya nane, sina ushahidi wa kuwaonyesha. Mnaweza kumuuliza ninayemfanyia kazi."

Mkuu akapiga simu palepale, akaiweka mezani wote wasikie. Fundi Taya alipokea huku mashine ya kusugulia ikivuma nyuma yake, na ikabidi aambiwe mara mbili anazungumza na nani.

"Huyo? Kazi zake kumi na tisa zimerudishwa kwangu," alisema kwa sauti ya juu.

Gego aliinamisha kichwa. Mwalimu wa baiokemia akaweka kalamu chini kama mtu aliyemaliza.

"Kumi na tisa ni nyingi, mzee," alisema mkuu.

"Nyingi. Na nazijua zote kwa sababu ameziandika mwenyewe, pamoja na mbili ambazo wateja hawakuona kosa lake. Alizirudisha yeye, akaenda kuwafuata watu majumbani kwao."

"Na mafundi wengine wana ngapi?"

"Yupo mmoja ana tatu tu, miaka minne. Huyo simwamini hata kidogo. Nasubiri kumkamata."

Daktari kijana alicheka mpaka akaficha uso kwa karatasi zake. Mkuu hakucheka, lakini alivua miwani.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Wawili walimkubali, mmoja alikataa. Angeingia kwa masharti: mwaka wa kwanza apate B ya baiokemia, na akikutwa amenakili hata mstari mmoja, aondoke bila kusikilizwa.

Siku ya kwanza, kabla ya kutafuta hata bweni, Gego alibisha mlango wa mwalimu wa baiokemia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyekukataa, unafahamu?"

"Nafahamu. Nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini?"

"Ulisema mbele yangu. Ungeweza kungoja nitoke."

Mwalimu alimtazama. "Kaa mstari wa mbele," akasema, "nione mikono yako."

Alikaa mstari wa mbele mwaka mzima. Kwa maabara ya saa mbili alifika saa mbili kasorobo. Matokeo yalipotoka alikuwa na B, si zaidi, na barua ya kumwondolea masharti ilihitaji saini ya mwalimu yuleyule. Gego alinipigia simu akiwa bado kwenye korido ya ofisi zao.

"Mjomba, amesaini! Hakutabasamu, lakini amesaini."

Nilikuwa kwenye ngazi za kazini kwangu, nikaketi hapohapo watu wakinipita. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya fundi yule, na kwa ajili ya mama wa miwani. Nilimshukuru pia kwa ajili ya huyo asiyetabasamu, na katika shukrani hiyo ya mwisho nilikawia zaidi.